Kadi ya Asteria

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mwanangu Maua kaamka mara nne. Jino linakuja. Nimeingia ofisini na blauzi nimeigeuza ndani nje na hakuna aliyeniambia mpaka saa nne! Wenzangu hao.

Kaleb kaita kikao. Kaleb ni mratibu, yaani bosi wa watu watatu na feni moja. Habari yenyewe: kamati ya halmashauri inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 19, na tumepewa dakika kumi. Miaka miwili tunaomba nyumba moja tu — vyumba vinne karibu na hospitali, mjamzito wa milimani ashuke wiki mbili kabla ya siku zake, asubirie pale. Mara ya mwisho mwenyekiti alisema leteni kifo. Hadithi hataki. Kifo chenye jina na tarehe.

Sasa ninacho. Asteria Eliezeri, miaka ishirini na tisa, kijiji cha juu kabisa kupita Myamba. Jina la kijiji siliandiki hata humu. Nakiita Juu. Alijifungua mtoto wa tano nyumbani, Novemba 2022. Damu haikukata. Wakamshusha kwa pikipiki, akafia njiani. Mume kahamia Tanga. Mama yake mzazi kakubali kwa simu kwamba jina litumike.

Tatizo ni karatasi. Hospitali haimjui, hakufika. Zahanati haina la kuandika, hakulazwa. Hakuna daftari la njiani.

Kaleb: Suma, uchechemuzi, huku kutetea kina mama, bila takwimu ni kelele za kuku. Nikamjibu kuku ndiye anayetaga. Kacheka, lakini fomu ya wafadhili kaniwekea mezani vilevile. Kuna kisanduku: idadi ya vifo vilivyothibitishwa.

Mume wangu Yunus kapiga simu kutoka Makanya, machimbo ya jasi. Anasema Maua anataka mdogo wake. Anataka! Mtoto wa miezi tisa. Kamwambia lini?


Jumatano, 10 Julai 2024

Nimepanda milimani. Maua mgongoni. Myamba ilikuwa siku ya soko, tangawizi kila mahali, hata mate yalikuwa ya tangawizi. Kuanzia pale ni pikipiki. Dereva anaitwa Jabiri, mtu wa makamo, koti zito la kijeshi, mpole kwenye kona.

Tulipopanda kidogo ukungu ukashuka. Siyo ule wa kupendeza. Ulikuja kama mtu anavuta shuka. Nikamuuliza kwa sauti, kwa Asteria Eliezeri ni wapi? Akasimamisha pikipiki. Akazima.

Dada, akasema, kwenye ukungu huku hatuitani majina. Bibi yangu alitukataza. Unaita huyu, anaitika mwingine.

Kisha akaniambia bila kugeuka. Ni yeye aliyembeba. Asteria katikati, mama yake nyuma amemshikilia. Alikuwa anaongea, anauliza mtoto kabaki na nani. Baadaye akaniegemea mgongoni, Jabiri anasema, nikafikiri kalala. Nikaendesha taratibu nisimwamshe.

Nisimwamshe!

Halafu akasema, na bado anakuja kliniki. Nani? Yeye. Siku za Jumatano. Watu wanasikia jina lake linaitwa dirishani, na mtu anainuka anaingia ndani. Hakuna anayemwangalia usoni.

Nikacheka. Kicheko changu kwenye ukungu ule hakikuwa kizuri.

Zahanati. Nesi ni kijana, Gideoni, mstaarabu. Nikamwomba daftari la uzazi wa mpango la zamani, nione kama Asteria aliwahi kuhudhuria. Aliwahi: mara tatu mwaka 2021, sindano ya miezi mitatu, halafu akaacha. Nimenakili. Sijui kwa nini nikafungua na daftari la mwaka huu.

Yumo.

Asteria Eliezeri. Tarehe 17 Januari, uzito kilo 48. Tarehe 14 Februari, kilo 61. Machi, 55. Aprili tena 48. Mei tena 61, Juni tena 55! Kila mstari na dole gumba la wino. Moja dogo kama la mtoto wa shule.

Marehemu wa mwaka juzi. Ananenepa na kukonda.

Nikamtazama Gideoni. Akafunga daftari taratibu, kama anayefunika chungu. Mimi nasoma kadi, dada. Sura sisomi.


Alhamisi, 11 Julai 2024

Kaleb kasoma nakala zangu mara tatu. Marehemu ana kilo sitini na moja?

Nikamwambia sindano moja ni miezi mitatu, mtu mmoja hawezi kuchomwa sita kwa miezi sita. Kwa hiyo si mtu mmoja. Akasema, si mtu mmoja, sawa. Je, ni mtu?

Alikuwa anatania. Nusu.

Ubaya wake: kamati itaagiza daftari la zahanati, lazima. Wakiona yumo, watasema tumemzulia kifo mtu aliye hai. Na hapa kwetu, anasema Kaleb, Mpare akipata kesi ya namna hiyo haachi mpaka wajukuu. Yeye mwenyewe Mpare, ana ruhusa.

Makande ya mchana yamenishinda. Nimerudi nyumbani nimempima Maua kwenye mizani ya jirani muuza mchele. Kilo nane na robo. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Mama Mchele kauliza, unamuuza?


Jumapili, 14 Julai 2024

Yunus yupo. Katengeneza bawaba ya mlango, kamwogesha mtoto, kanipikia chai. Mume mzuri! Halafu jioni mapema, jua bado lipo, karudia: tusimwache Maua peke yake.

Nikasema nimechoka. Akasema kila mama amechoka.

Miaka mitatu nasimama mbele za watu nasema mwili ni wako, uamuzi ni wako. Nina fulana ya njano yenye maneno hayo. Mimi mwenyewe sijaenda dirishani kuchoma sindano tangu nijifungue. Kliniki ya mtaa wetu anayetoa kadi ni shangazi yake Yunus. Nikisimama pale asubuhi, mchana Makanya wanajua. Basi kila wiki nasema wiki ijayo.

Kitu kingine, nakiandika kwa sababu humu hasomi mtu. Mchana nilikuwa naanika nepi. Upepo wa Same unajulikana, kanga zinapiga kelele kama watu wanagombana. Nikasikia naitwa. Nikageuka, nikasema naam. Uani hapakuwa na mtu.

Na jina lililoitwa halikuwa langu.


Jumanne, 16 Julai 2024

Nimepanda tena. Nitalala nyumba ya wageni Myamba. Maua kalala sasa hivi, naandika haraka kabla mwanga haujaisha.

Nimefika kwa Mama Asteria saa nane. Ukungu umekaa mlangoni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekuja na baridi yako au nikupe yetu? Mama mcheshi, mwembamba, mikono ya jembe. Akaniona natetemeka, akanifunga kitenge cha bluu chenye ndege, kizito, kinanuka moshi. Cha Asteria hicho, akasema, utanirudishia ukishuka. Nilitaka kukivua. Sikuvua. Kilikuwa na joto, kama kimetoka mwilini sasa hivi.

Mtoto wa Asteria yupo, wa kike, mwaka mmoja na miezi minane. Kanikimbilia, kanishika magoti. Mama! Nikashtuka. Bibi akasema usijali, anawaita wote hivyo. Wote kina nani? Wanaokuja kuchukua kadi.

Akasema tu. Kama vile nilishajua.

Kadi iko kwenye mkebe wa majani ya chai. Rangi imefifia, pembe imeliwa na panya, jina linasomeka. Wanaitumia wanawake watatu kwa zamu. Kupata kadi mpya pale zahanati mkubwa wa kituo anataka uje na mume. Waume hawaji. Lakini kadi iliyokwisha funguliwa haiulizwi mume.

Nikamwambia hiyo siyo sheria, mama. Hakuna sheria inayotaka mume. Nina nakala ya mwongozo kwenye mkoba!

Najua siyo sheria. Sheria ziko Dodoma, mwanangu. Dirisha liko hapa.

Kisha akasema, huku anachambua maharage, hajainua macho: binti yangu alitaka kupumzika. Alichoma mara tatu, mume akajua, akamkataza. Hakupumzika. Basi wacha wengine wapumzike kwa jina lake.

Hapo akaingia mwanamke, mfupi, kitambaa chekundu kichwani. Mwamvita. Kaja kuchukua kadi, kesho zamu yake. Akaniona na kile kitenge akashika mlango. Astaghfirullah, dada, ulitaka kuniua!

Ni mke wa Jabiri. Wa pikipiki, ndiyo. Ana watoto wanne. Nikamuuliza, Jabiri hajui? Akasema, hajui; mimi ndiye niliyefua lile koti. Nililifua mara tatu na damu ya Asteria haikutoka. Anasema ni koti zuri, halitupi. Kila nikiliona naona mahali pangu pale katikati. Simchukii, dada. Ila sikai pale.

Akaniuliza kule halmashauri utatutaja? Sitawataja. Na Asteria? Asteria nitamtaja, ndiyo kazi iliyonileta.

Akaitoa kadi kwenye mkebe. Halafu: ukiwaambia amekufa wakaandika, kadi inakufa. Sisi tutachomwa kwa jina la nani?

Nimeliandika swali lake. Nyumba itakayowashusha wanawake wote wa milimani wakiwa hai — na kadi inayowasitiri hawa watatu. Asteria mmoja anatakiwa kote kuwili. Huku afe, huku aishi.

Kitenge nimesahau kurudisha. Ninacho hapa kitandani. Maua kakilalia.


Jumatano, 17 Julai 2024

Niandike yote.

Nilikwenda zahanati asubuhi kumwambia Gideoni kwamba kamati itaagiza daftari. Nilipofika tayari walishaagiza! Gari la halmashauri lilichukua nakala jana. Ya leo wamesema wapigiwe picha jioni. Kijana uso umemshuka.

Kibarazani wanawake kama ishirini, watoto wao, ukungu mpaka ndani. Mtu akikohoa humjui ni nani. Nikakaa kwenye benchi, Maua mapajani, kitenge nimejifunika. Mwamvita upande wa pili na mtoto wake mdogo wa kupimwa. Kadi ilishatangulia mezani, ndani ya rundo.

Na mlangoni, Jabiri. Na lile koti.

Kamleta mkewe, badala ya kuondoka kabaki. Mwanamke mmoja akamtania: Jabiri, leo na wewe unachoma? Hakucheka. Leo siondoki mpaka nimwone, akasema. Nimuulize kama nilimchelewesha.

Nimuulize kama nilimchelewesha. Mwaka mzima na nusu amebeba hilo peke yake! Mwamvita kalisikia. Niliona kidevu chake.

Gideoni anaita ndani bila kuona kibarazani, anasoma tu kadi ya juu. Fulani. Fulani. Kisha:

Asteria Eliezeri!

Hakuna aliyeinuka. Watoto wote walinyamaza pamoja, sijui watoto wanajuaje. Jabiri kaingia hatua moja, macho kayatoa, anatazama benchi moja moja. Mwamvita kawa kama jiwe. Akiinuka, mumewe ataona mkewe anaitikia jina la mwanamke aliyekufa mgongoni mwake. Asipoinuka, Gideoni atatoka na kadi mkononi aulize ya nani.

Asteria Eliezeri! Mara ya pili.

Nikainuka.

Sikuamua. Nasema kweli, magoti yaliamua. Jabiri akaona kitenge kwanza, uso baadaye. Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nikasema haraka, ni mimi Jabiri, ni Suma. Ni kazi, shauri lake liko halmashauri, kadi imeitwa kwa ajili yangu. Akashika ukuta. Akasema, kumbe ni nyie, kumbe ni mambo ya ofisi — akaanza kulia kwa furaha, mtu mzima, anajifuta kwa mkono wa lile koti. Wanawake wakaangalia chini. Wote wanajua. Wote!

Akamwambia mkewe twende nyumbani. Mwamvita hakuchomwa.

Nyuma ya pazia. Gideoni kanipandisha kwenye mizani kwa mazoea tu, kaandika: 52. Dole gumba, wino. Kisha akaninong'oneza: nichome kweli, au niandike tu?

Ningeweza kusema andika tu. Nilifikiria Yunus na bawaba yake. Nilifikiria dirisha la shangazi. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Maua ananiangalia na kijino chake kimoja.

Choma, nikasema.


Alhamisi, 18 Julai 2024

Bega linauma. Kawaida, wanasema.

Kadi iko kwangu, Gideoni alinipa mimi maana mimi ndiye niliyeitika. Meseji ya Mwamvita saa tatu: Dada Suma kadi narudishiwa lini, siku zangu za sindano zinapita. Saa sita tena: Dada. Saa tisa: Dada naomba.

Kaleb ana furaha, masikini. Kaona njia. Anasema tuipeleke kadi yenyewe mbele ya kamati: uzito huu na huu, hawezi kuwa mtu mmoja, kwa hiyo mwenye kadi hayupo, kwa hiyo alikufa. Ushahidi usiopingika, Suma! Akauliza kilo 52 ya jana ni nani?

Nikasema sijui.

Nimemdanganya Kaleb. Sikuwahi.

Nyumbani nimempigia Yunus. Nilitaka kumwambia. Akasema sauti yako mbona imebadilika, kama unaongea kutoka mbali. Nikasema mtandao.


Ijumaa, 19 Julai 2024

Saa nne na robo. Naandika kwenye benchi nje ya ukumbi wa halmashauri, Maua ananyonya. Nimekosa wa kumwachia. Kitenge kile kile, vingine vyote vimeloa. Kaleb yuko ndani na laptopu.

Katoka mara moja, jasho. Wana daftari mezani, mpaka ukurasa wa juzi. Mjumbe mmoja kashauliza mbele ya wote: huyu marehemu wenu juzi Jumatano kachoma sindano, au mimi sijui kusoma? Wamecheka ukumbi mzima. Kaleb: wanataka kadi, Suma. Ukiwapa, nyumba tumeipata, naona kwenye macho ya mwenyekiti. Usipowapa hatutapewa dakika hata moja tena.

Kadi iko kwenye mkoba, katikati ya nepi na mwongozo. Nimeitoa. Mistari mingi, madole gumba mengi. Langu la mwisho. Nimeliwekea kidole juu, na wino mkavu ule umenishika tena kidoleni, au ni jasho.

Maua anaitaka. Kaishika. Anaitafuna pembe pale pale panya alipotafuna.

Meseji. Mwamvita. Maneno mawili tu: Umewapa?

Upepo umesimama. Same bila upepo! Huko juu milima siioni, kumeshuka weupe mpaka barabarani, Julai haiji hivi huku chini. Watu wanaoingia getini nawaona miguu kwanza.

Nikiingia na kadi watatu wale wanabaki uchi. Nikiingia bila kadi, mwingine atakaa katikati kwenye pikipiki, na mwingine. Natakiwa kuchagua na mkono bado unauma. Nimeichomoa mdomoni mwa Maua. Imelowa. Jina bado linasomeka.

Karani kafungua mlango. Kashika faili letu, anasoma jalada badala ya kusoma barua. Anaita jina lililo pale juu.

Asteria Eliezeri! Yupo?

Mtu kaitika abee, sauti kama yangu.

Wote wamegeuka wananitazama mimi